Kigoma, Mlima Unapoishia Ziwani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Leo tunafika ilikoishia. Vitabu vya kuongoza watalii huigawa Kigoma mafungu mawili: Gombe na Mahale kwa anayependa sokwe mtu, Ujiji kwa anayependa historia. Mgawanyo huo unamnyima mgeni kiini cha mkoa wenyewe. Bonde la ufa lilipozama liliacha Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachokaribia mita 1,470, na kandokando yake milima inayoporomoka hadi majini. Misitu, bandari na masoko ya huko vyote vimetokana na umbo hilo.

Tuanze na Ujiji. Hapo ndipo wapagazi walipotua mizigo, na bidhaa zikaendelea kwa mitumbwi na majahazi kuelekea Kongo. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858, tayari walikuta mji wa biashara. Reli ya kati nayo ilipolifikia ziwa mwaka 1914 ilikomea Kigoma, kwenye ghuba yenye kina na kinga. Meli haikuwa na njia ya kuingia katika ziwa hilo, kwa hiyo Wajerumani waliijenga Graf von Goetzen huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaileta kwa bahari na reli, kisha wakaiunga upya Kigoma. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Mtu akiijua safari hiyo, bandari ya Kigoma haitakuwa kwake kituo cha kusubiria boti ya Gombe tu.

Wapo wanaosema kwamba Ujiji hakuna cha kutazama zaidi ya mnara, makumbusho na miembe, na kwamba hadithi yenyewe ni ya wageni wawili, Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ina uzito. Lakini Livingstone alikuwa Ujiji kwa sababu mji ulikuwapo, na shehena zake zilipelekwa huko kama za wafanyabiashara wengine. Wanaostahili kuulizwa habari ni Wajiji, Waswahili, Waarabu na Wamanyema wenye asili ya ng'ambo ya ziwa. Kwao pembe za ndovu na watumwa si hadithi ya mbali. Upungufu uko katika masimulizi, na dawa yake ni waongozaji wanaoujua mji, wala si kuupita bila kushuka garini.

Gombe inathibitisha hoja yetu ya mwanzo kwa upande wa pili. Ni hifadhi ndogo, ukanda mwembamba wa mabonde yenye mito inayoteremka kwa kasi hadi ufukweni. Humo, mwaka 1960, mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka unyasi katika kichuguu ili kuvua mchwa, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya kuhusu binadamu kama mtengeneza zana pekee. Msitu huo sasa umezungukwa na mashamba. Kuna wanaohofu kwamba kuitangaza Kigoma ni kuwaangamiza sokwe hao, na hofu yao ni ya kweli: sokwe huambukizwa mafua ya binadamu na hufa kwayo. Ndiyo maana inapasa makundi ya wageni yawe madogo na barakoa zivaliwe. Lakini mgeni aliyetenga siku nzima kwa ajili ya Ujiji na bandari ana sababu ya kukaa mkoani hata siku ambayo hakuna nafasi msituni.

Mahale, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, haina barabara ndani yake. Mgeni hufika kwa boti au ndege ndogo, kisha hutembea kwa miguu chini ya kilele cha Nkungwe, mita 2,462. Mahale hutangazwa kama pori lisilowahi kuguswa na mtu. Si kweli. Watongwe waliishi na kulima katika milima hiyo kabla ya kuhamishwa, na maelezo yoyote ya Mahale yanayowaacha nje yamerudia kosa lilelile la Ujiji.