Vita vya mezani vilivyokosa wapiganaji

Kwa banda la PlayStation pale mtaani, kujiunga ni rahisi. Unatoa sarafu zako, unashika padi, unafungwa mabao matano, mnacheka, kesho unarudi.

Sasa fikiria banda ambalo kabla ya mechi ya kwanza unaambiwa ununue timu nzima, umuunganishe kila mchezaji kwa gundi, umpake rangi, kisha usome kitabu kinene cha sheria. Ungerudi kweli?

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Warhammer Fantasy Battle, gemu ya mezani iliyoanza Uingereza mwaka 1983 chini ya kampuni ya Games Workshop. Inachezwa kwa vijisanamu vya askari, mazimwi na mifupa inayotembea, pamoja na dadu na utepe wa kupimia hatua. Hadithi zake ni moto. Mimi huangalia video zake usiku hadi bando liishe.

Shida ni kwamba vita vyake ni vya vikosi. Askari husimama kwa safu, bega kwa bega, kama gwaride la Madaraka. Jemadari mmoja hatoshi. Unataka makumi ya askari nyuma yake, na kila mmoja ni pesa na muda wa kupaka rangi. Toleo la nane la 2010 likazidisha, maana sheria zake zilipendelea vikosi vikubwa zaidi.

Wakongwe hawakusumbuka sana, majeshi yao yalikuwa kabatini kitambo. Lakini mwenye jeshi tayari hana haraka ya kununua lingine, na asiye nalo anaogopa bei. Na hii si gemu ya kucheza peke yako: mpinzani akikosa, jeshi lako lote ni pambo tu.

Mwaka 2015 kampuni ikaifunga, ikauangamiza hata ule ulimwengu wake ndani ya hadithi, ikaleta Age of Sigmar. Sheria za msingi zilikuwa kurasa nne, tena za bure. Wakongwe waliwaka, na walikuwa na hoja: gemu ilianza bila pointi za kusawazisha majeshi, zikaja 2016. Ila mgeni sasa angeweza kuanza na vijisanamu vichache.

Cheki maajabu sasa. Mei 2016 ikatoka gemu ya kompyuta, Total War: Warhammer, kuhusu ulimwengu uleule uliozikwa. Ilipendwa hadi ikapata ya pili 2017 na ya tatu 2022. Kumbe watu hawakuuchukia ulimwengu ule. Kompyuta iliwapa tu jeshi zima likiwa tayari, na mpinzani ambaye hakosi.

Januari 2024 gemu ya mezani ikarudi kwa jina The Old World. Safu ni zilezile, na jeshi bado ni lile la kujengwa askari mmoja mmoja.

Watu wakikosa kujitokeza, walio ndani husema vijana hawana subira. Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, na sikumbuki mtu akiniuliza kama nilipenda masomo. Kwa hivyo kabla hujasema vijana hawapendi kitu, uliza kwanza kiingilio ni ngapi. Na kama una jeshi kabatini, mkopeshe mgeni nusu, mcheze leo.