Shamba la Marehemu Linauzwa na Nani?

Mzee anafariki, matanga yanaanuliwa, na haupiti muda mtoto mkubwa wa kiume anaanza kuulizia mnunuzi wa shamba. Issuna, kata ya wilaya ya Ikungi mkoani Singida, iko kwenye barabara ya lami iendayo Manyoni, na shamba la alizeti lililo karibu na lami halikosi mteja. Lakini kisheria kijana huyo bado hana cha kuuza.

Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kikao cha ukoo humpendekeza tu. Muhtasari wake, hata ukijaa saini za wajomba na baba wadogo, hauhamishi hata hatua moja ya ardhi.

Kinachotangulia ni cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mirathi inayofuata mila au Uislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipoishi marehemu, kwa Fomu Namba 1 yenye majina ya warithi. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza mtu, msimamizi hupewa barua ya usimamizi, kisha ana miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni: ng'ombe waandikwe, plau iandikwe, hata deni la dukani liandikwe. Baadaye anatoa hesabu ya namna alivyogawa.

Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inadai pia kibali cha Halmashauri ya Kijiji.

Na mabinti je? Hapa ndipo watu wengi wanapoonewa, kwa kuambiwa kwamba shamba la ukoo halimhusu aliyeolewa. Jibu lilitolewa zamani. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda kortini kupinga, akiegemea kanuni ya mila ya 1963 iliyomruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila kuiuza. Mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa ubaguzi huo unapingana na Katiba: mwanamke anauza kama mwanamume anavyouza. Sheria ya 1999 nayo ikabatilisha kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi.

Kwa hiyo mnunuzi wa Issuna asihesabu noti kabla ya kuona barua ya usimamizi na kuzungumza na mjane na mabinti wenyewe, si na msemaji wao. Nao warithi wanaodhulumiwa na msimamizi aliyeuza na kula fedha peke yake wanaweza kurudi katika mahakama ileile iliyomteua na kuomba uteuzi wake utenguliwe.