Je, Wajua? Picha Mbili za Shamba Moja

Je, wajua kwamba watoto wa shule ndio waliochora ramani ya matumizi ya ardhi ya Uingereza? Miaka ya 1930 mwanajiografia L. Dudley Stamp aliwagawia wanafunzi na walimu wao ramani, wakapita shamba kwa shamba wakiandika herufi: A palipolimwa, M penye majani ya malisho, F penye msitu. Vita Kuu ya Pili ilipozuka na chakula kikaadimika, ramani hizo zilisaidia kuamua wapi palimwe. Kasoro yake ni kwamba ramani ya siku moja haisemi jana palikuwaje, na hapo ndipo wataalamu wengi walipojikwaa.

Je, wajua kwamba wilaya ya Machakos, nchini Kenya, iliwahi kuhesabiwa kuwa imekwisha? Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, aliiandikia ripoti ya kutisha: vilima vitupu, makorongo, nchi inayogeuka jangwa. Wilaya ilikuwa na watu kama 240,000 tu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930. Kufika 1990 walikaribia milioni 1.4. Kwa hesabu ya Maher pasingebaki hata jani! Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichukua picha zilizopigwa huko 1937, wakapiga nyingine palepale, wakakuta matuta, mashamba yaliyotunzwa na miti mingi kuliko zamani. Kitabu chao kilitoka 1994. Wapo waliowapinga: Nairobi iko jirani, soko na mishahara viko mlangoni, na si kila kaya iliyonufaika. Hoja hizo zina uzito, ila matuta yapo.

Na je, wajua matuta hayo yanavyochimbwa? Unakata mtaro kukingama mteremko, na udongo unautupa upande wa juu. Hapo juu ya tuta unapanda majani. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka unakwama, na mwaka hadi mwaka shamba linajisawazisha lenyewe kuwa ngazi. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, wengi wao akina mama, ndivyo vilivyotoka jasho. Leo wataalamu wa udongo wanaoandika kwa Kiingereza huyaita “fanya juu” vivyo hivyo, bila kutafsiri.

Kule Kissidougou, nchini Guinea, mambo yalikuwa kichekesho zaidi. Maofisa wa Kifaransa waliona vijisitu vimezunguka vijiji, wakasema ni mabaki ya msitu mkubwa ulioteketezwa na wenyeji. Watafiti James Fairhead na Melissa Leach walilinganisha picha za ndege za 1952 na za satelaiti za baadaye, wakawasikiliza na wazee. Kumbe vijiji vilianzia kwenye nyika, na watu ndio walioikuza misitu ile. Wazee walikuwa wakilisema hilo siku zote.

Lakini picha za satelaiti nazo zina kasoro zake. Satelaiti ya kwanza ya Landsat, mpango wa kuipiga picha ardhi kutoka angani, ilirushwa Julai 23, 1972. Nukta moja ya picha zake ilikuwa na upana wa mita 80 hivi, karibu uwanja mzima wa mpira, kwa hiyo shamba la nusu eka lilimezwa humo lisionekane. Kabla ya 2008 picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola. Siku hizi ni bure. Tafuta za kwenu, uzitazame pamoja na mzee wa kijiji, umuulize ile miti ilipandwa na nani.