Usipandishe Sailensi Kabla ya Kujua Kinachotetemesha Injini

Gari la zamani linaposimama kwenye taa za barabarani na injini ikaanza kutetemeka, mshale wa mizunguko ukipanda na kushuka, dawa ya haraka katika gereji nyingi ni kugeuza skrubu ya sailensi, yaani mizunguko ya injini usipokanyaga mafuta. Injini inayopaswa kuzunguka mara 700 hadi 800 kwa dakika inapandishwa hadi 1,000 na zaidi, mtetemo unapungua, mwenye gari anaondoka ameridhika. Kwa maoni yangu amelipia kufichiwa ugonjwa. Mafuta yataliwa zaidi, na kama gari ni la otomatiki, litashtuka kila gia inapoingizwa.

Ugonjwa huonekana gari likiwa limesimama kwa sababu ya namna injini inavyovuta hewa. Petroli huungua vizuri kilo moja ikikutana na hewa ya takriban kilo 14.7. Usipokanyaga mafuta, mlango wa hewa huwa umefungwa karibu wote, na hewa inayoingia ni kidogo sana. Mpira wa vakyumu uliopasuka kwa joto na uzee huingiza hewa isiyopita kwenye mlango huo, na wakati huo hewa hiyo ni sehemu kubwa ya yote inayovutwa. Ukikanyaga, mlango unafunguka na hewa ya ufa haina uzito tena. Ndiyo maana gari lilelile hukimbia vizuri barabara kuu, kisha likatetemeka kwenye foleni.

Chukua Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE, ambayo mafundi wengi wanaijua. Muungurumo ukiwa sawasawa lakini bodi ikatikisika, tazama mauntingi za injini kabla ya kugusa kingine. Injini ikiwa inamisi, chomoa soketi ya nozeli moja moja huku inaunguruma: silinda ambayo ukiikatia mafuta hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa, na hapo ndipo pa kukagua plagi, waya wake na nozeli. Silinda zote zikidhoofika, au mshale ukipanda na kushuka, shuku hewa: nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya mipira (yasifike kwenye distributa), usikilize kama muungurumo unabadilika, kisha safisha masizi kwenye mlango wa hewa na valvu ya sailensi. Vipimo hivi vinagharimu muda tu.

Wapo watakaosema plagi ni rahisi, kwa nini zisibadilishwe zote tukaona? Kama zimechoka, zibadilishwe. Lakini anayeanza na plagi kwa kubahatisha huendelea na waya, kisha pampu, kisha nozeli, na mwisho wa safari amenunua nusu ya injini huku mpira uliopasuka ukiwa palepale. Wengine hutegemea kompyuta. Inasaidia, na hata Toyota nyingi za zamani hutoa namba za kasoro kwa kupepesa taa ya injini, TE1 na E1 zikiunganishwa kwenye kisanduku cha vipimo. Ila kompyuta husoma sensa. Ikisema mchanganyiko una hewa nyingi, haikuonyeshi mpira gani umepasuka.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la umri: gari limechoka, litaachaje kutetemeka? Nalo lina kipimo chake. Pima kompresheni ya kila silinda. Iliyo chini itiliwe oili kidogo, ipimwe tena; ikipanda, ringi zimelika, isipopanda, kuna uwezekano mkubwa kuwa valvu hazifungi au gasketi imeungua. Hapo tu ndipo neno "imechoka" lina ushahidi, na kufungua injini kuna maana. Kuacha silinda ikimisi si akiba, kwani petroli isiyoungua huenda kuunguza masega ya kisafisha moshi kwenye ekzozi. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa ya kifaa chochote, muulize fundi wako: ni silinda ipi, au ni hewa ya wapi, na umeipimaje?