Sanduku la barua lililofichwa msituni: Mchezo wa kigeni na tahadhari zake Kipini

MSAFIRI anayesimama kando ya barabara penye miti ili kunyoosha miguu hatarajii kukuta sanduku la barua chini ya gogo. Hata hivyo, katika mbuga na misitu ya Uingereza na Marekani, masanduku ya aina hiyo ni mengi, na wapo watu wanaofunga safari kuyatafuta.

Mchezo huu ulianzia Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka wa 1854, James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni nyikani, aliacha chupa katika eneo la Cranmere Pool ili waliofika huko watie kadi zao. Baadaye watu walianza kuacha barua zenye anwani, naye aliyefuata akazichukua na kuzipeleka posta. Ndiyo asili ya jina sanduku la barua.

Siku hizi sanduku huwa ni mkebe usiopenyeza maji. Ndani mna daftari na muhuri. Anayetafuta huja na daftari na muhuri wake mwenyewe pamoja na wino, na huongozwa na maelezo yaliyofumbwa mfano wa kitendawili: hesabu hatua kadhaa kutoka mti fulani, kisha elekea machweo. Akilipata, hupiga muhuri wake katika daftari la sanduku, na ule wa sanduku katika daftari lake, kisha hulirudisha palepale.

Mwezi Mei mwaka wa 2000, Marekani ilipoondoa kizuizi kilichopunguza usahihi wa mitambo ya setilaiti kwa raia, ulizuka mchezo wa pili unaofanana na huo, ambao hutumia vipimo vya setilaiti badala ya mafumbo.

Kuficha ujumbe si jambo geni kwa wakazi wa Kipini, mji ulio kwenye mlango wa Mto Tana. Masimulizi ya Fumo Liyongo, ambaye kaburi lake husemekana kuwa katika sehemu hizo, yanaeleza jinsi shujaa huyo alivyokuwa kifungoni akamtumia mjakazi Saada kumfikishia mamaye ujumbe wa mafumbo. Mama alioka mkate wa mapumba na kuficha tupa ndani yake. Walinzi walikula vyakula vizuri, mapumba wakamwachia mfungwa, naye akakata minyororo.

Je, mchezo huu waweza kuchezwa Kipini? Mandhari yapo: msitu, ufuo, na magofu ya Ungwana. Lakini yapo mambo matatu ya kuzingatiwa.

Kwanza ni usalama. Mwezi Juni mwaka wa 2014, watu zaidi ya 60 waliuawa katika eneo la Mpeketoni, na mwezi uliofuata kituo cha polisi cha Gamba kikashambuliwa. Katika miaka iliyofuata, vilipuzi vilivyotegwa barabarani viliwaua maafisa wa usalama na raia katika Kaunti ya Lamu. Kwa hivyo, mkebe uliofichwa kando ya barabara ya Garsen kuelekea Lamu hauwezi kuchukuliwa kuwa mchezo. Anayeuona asiuguse wala kuufungua. Aondoke, awazuie watoto, na aarifu polisi au chifu.

Pili ni sheria. Magofu ya kale yanalindwa, na kuchimba au kung'oa mawe ni kosa. Msitu nao una wenyewe, uwe wa serikali, wa jamii au wa mtu binafsi, na idhini hutangulia.

Tatu ni mto. Tana hufurika, na viboko na mamba hawajui mchezo.

Anayetaka kuujaribu aanzie uani mwa shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi wakijua. Hapo watoto watajifunza kusoma dira, kupima hatua na kufumbua mafumbo, pasipo mtu kutiwa hofu na mkebe asioujua mwenyewe.