Chombo Huchaguliwa kwa Maji Yake



Hivi karibuni nilifikia Ishiara, Kaunti ya Embu, kwa jamaa zetu wenye asili ya Lamu wanaofanya biashara huko. Mama wa nyumba ni mjane mwenye watoto wadogo. Alitaka kununua boti ya mashine ya kuvulia samaki katika Bwawa la Kiambere, wauzwe sokoni Ishiara. "Shekhe," aliniambia, "boti ziko mbili, na fedha hizi zina haki ya mayatima. Nishauri."

Ya kwanza ni ya futi 16, chini yake bapa, mashine ya farasi 15. Ya pili ni ya futi 23, yenye mkuku mkali, mashine ya farasi 40. Ami wa watoto aliitaka kubwa. Alisema ndiyo chombo cha heshima, na fedha zilizopungua zingekopwa kwa riba.

Mlangoni mwa Shela wakati wa kusi, ningemuunga mkono kuhusu chombo chenyewe. Mkuku hupasua wimbi, ilhali chombo bapa hupigwa na kila wimbi na kuingiza maji. Lakini mkuku huzama chini zaidi, na uzito wake hutaka mashine kubwa na petroli nyingi.

Kiambere si bahari. Ni bwawa la umeme katika Mto Tana, lililokamilika mwaka 1988. Maji yake hupanda na kushuka, na palipokuwa na kina hubaki tope na visiki. Hapo chombo bapa huelea penye maji machache, wala hakiyumbi upesi mvuvi anapoinama kuvuta wavu. Hata hivyo kina mpaka wake: upepo ukivuma, kirudi pwani, wala kisijazwe abiria.

Nilimkumbusha ami yao kisa cha Surat al-Kahf. Al-Khidhri alikitoboa chombo cha maskini ili mfalme aliyepora kila chombo kizima asikitamani. Chombo chenye kasoro kilichobaki mikononi mwa wenyewe kilikuwa bora kuliko kizuri kilichoporwa. Je, mkopeshaji wa riba, deni likishindikana, hatakichukua chombo mbele ya mayatima?

Ami yao alinyamaza, kisha akasema, "Tununue ile ndogo."

Tukakubaliana mambo matatu. Fungu la kila mtoto liandikwe mbele ya mashahidi, pamoja na faida yake. Fedha zitakazosalia zinunue kwanza jaketi za kuokolea, moja kwa kila anayepanda, na makasia ya akiba. Na asiyevaa jaketi asipande, hata akiwa ami mwenyewe. Bedui aliambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake, kisha ndipo atawakali.

Mto Tana huishia baharini Kipini, kwetu. Maji ni yale yale, lakini kila mahali yana chombo chake. Mama anayeulizwa shauri la kununua chombo aulize kwanza: kitaelea maji gani, kitabeba roho za nani, na fedha ni za nani?

Wabillahi tawfiq.