Sekunde 4.21 Hazitoshi: Sayansi ya Kuchagua Wachezaji wa NFL

Chukua wachezaji wawili wa nafasi moja, waliochaguliwa mwaka mmoja kuingia NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani. Mmoja aliitwa mapema. Wa pili ndiye aliyemfuata katika nafasi hiyo hiyo. Je, ni mara ngapi yule wa kwanza huja kumpita mwenzake? Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walilijibu swali hili kwa kuhesabu mechi ambazo kila mchezaji alianza katika miaka yake 5 ya mwanzo. Walipata asilimia 52. Anayerusha sarafu bila kumjua mchezaji hata mmoja angepata asilimia 50.

Matokeo hayo yanashtua ukizingatia jasho linalomwagika. Kila moja ya timu 32 ina maskauti wanaozunguka vyuo vikuu mwaka mzima, wakitazama mazoezi, wakirudia video za mechi, wakizungumza na makocha na walimu. Timu zina madaktari na watakwimu, na fedha si tatizo. Waswahili husema mchagua nazi hupata koroma, na hapa tuna wachaguzi wenye vifaa kuliko wote duniani ambao bado koroma haiwaishi mkononi. Sababu zake zinamhusu kila mtu ambaye kazi yake ni kuchagua watu.

Zamu ya kuchagua

Katika soka la Ulaya, klabu hulea watoto kwenye akademi zake. Marekani kazi hiyo imeachiwa vyuo vikuu, na kijana haruhusiwi kuingia NFL mpaka ipite miaka 3 tangu amalize sekondari. Kila Aprili hufanyika drafti: timu huchagua kwa zamu katika raundi 7, na iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita hutangulia. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936 kwa pendekezo la Bert Bell wa Philadelphia Eagles, ili klabu zenye nguvu zisizoe vipaji vyote. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger, hakuwahi kucheza mechi hata moja ya NFL.

Mlango ni mwembamba. Kati ya wachezaji wa vyuo wanaostahili kuchaguliwa, wanaofika ligi ya kulipwa hawafiki 2 katika kila 100.

Wiki ya vipimo

Miezi miwili hivi kabla ya drafti, vijana zaidi ya 300 hukusanywa Indianapolis. Wanapimwa urefu, uzito na upana wa viganja. Wanaruka juu, wanaruka mbele, wanazunguka koni kwa kasi, na wananyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Madaktari wanakagua magoti na mabega yao. Kipimo kinachosubiriwa kuliko vyote ni mbio za yadi 40, yaani mita 36.6. Rekodi yake ni sekunde 4.21, iliyowekwa na Xavier Worthy mwaka 2024. Huo ni mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 31 kwa saa, kwa mtu aliyeanza akiwa amesimama tuli.

Namba hiyo ina thamani, lakini lazima isomwe kwa uangalifu. Saa huanzishwa na kidole cha mpimaji anapomwona mkimbiaji akitikisika, kisha huzimwa na mwali wa kielektroniki kwenye mstari wa mwisho. Kidole kikiwahi au kikichelewa kidogo tu, tofauti ya wachezaji wawili inaweza kufutika au kuzaliwa upya. Halafu kuna fizikia. Mtu wa kilo 100 anayekimbia kwa sekunde 4.50 ni mzito kumwangusha kuliko wa kilo 86 mwenye muda huo huo, kwa kuwa msukumo ni uzito mara kasi. Ndiyo maana mwaka 2008 mchambuzi Bill Barnwell alitunga alama ya kasi kwa ajili ya wakimbiaji wa mpira: uzito kwa pauni, mara 200, kisha gawanya kwa muda uliopandishwa kipeo cha 4. Wa kwanza anapata takriban alama 107, wa pili hafiki 93, ingawa saa iliwaona sawa.

Je, vipimo hivi vinatabiri mafanikio? Mwaka 2008 watafiti Kuzmits na Adams walivilinganisha na mafanikio ya wachezaji katika NFL. Hawakuona uhusiano wa kuaminika, isipokuwa mbio fupi kwa wakimbiaji wa mpira. Ukiisoma taarifa hiyo haraka utasema kasi haina maana, nawe utakuwa umekosea. Wanaofika Indianapolis wameshachujwa tangu sekondari, na walio wazito wa miguu waliachwa njiani zamani. Anayetaka kujua kama urefu unasaidia katika mpira wa kikapu, kisha akapima watu wenye zaidi ya mita 2 peke yao, ataona urefu hausaidii kitu. Takwimu hufifia pale ambapo wote wanaopimwa wamekaribiana. Kasi ndiyo iliyowafikisha hapo, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi tena kuwatenganisha vizuri.

Kazi ambayo saa haiioni

Ugumu huzidi kwa kwotabeki, mchezaji anayepokea mpira na kuamua aurushe wapi. Ana sekunde 3 hivi, mara nyingi pungufu. Ndani ya muda huo anasoma mpangilio wa wapinzani 11, anatambua nani anajifanya analinda huku na kumbe anakwenda kule, na anaurusha mpira mahali ambapo mwenzake bado hajafika, huku majitu yenye kilo 120 na zaidi yakimjia. Hakuna koni inayopima hayo. Kwa miaka mingi ligi ilitumia mtihani wa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, ikidhani utapima akili ya mchezo. Tafiti hazikuona alama zake zikitabiri mafanikio uwanjani, na mwaka 2022 uliondolewa katika vipimo vya Indianapolis.

Mwaka 1998 wataalamu walibishana kwa dhati kuhusu vijana wawili: Peyton Manning na Ryan Leaf. Walichaguliwa wa kwanza na wa pili. Manning alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara 5. Leaf aliondoka akiwa ameurusha mpira mikononi mwa wapinzani mara 36, na pasi za mabao 14 tu. Miaka miwili baadaye Tom Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, akaitwa wa 199, baada ya makwotabeki wengine 6. Alistaafu na ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, mara 7.

Kisa cha Brady hupendwa sana, na kisipoangaliwa kinapotosha. Kwa kila Brady wapo vijana wengi wa raundi ya 6 waliokuwa wazito wa miguu kama yeye na ambao hatukuwasikia tena. Kwa wastani, wa raundi ya kwanza huwashinda wa raundi ya 7 kwa mbali. Skauti anajua kupanga makundi: huyu ni wa juu, huyu wa kati, huyu wa chini. Kinachomshinda ni kupanga foleni ndani ya kundi moja, na foleni hiyo ndiyo inayolipiwa fedha nyingi.

Laana ya mshindi

Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, anaeleza mtego mmoja. Timu 32 zikimkadiria mchezaji yule yule, baadhi zitamkadiria chini ya thamani yake na nyingine juu. Atakayemchukua ni yule aliyemkadiria juu kuliko wote, yaani mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa amezidisha. Mnada wowote wa kitu kisichojulikana thamani yake una hatari hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dallas Cowboys walitengeneza jedwali la kubadilishana zamu, ambalo ligi nzima ililifuata. Zamu ya 1 ilipewa pointi 3,000, ya 32 pointi 590. Timu zikawa tayari kutoa zamu kadhaa ili zipande kumfuata kijana mmoja. Massey na Thaler walionyesha kwamba bei hiyo ilikuwa kubwa mno: ukihesabu mshahara, faida kubwa zaidi ilikuwa katika raundi ya pili. Mkataba mpya wa ligi na wachezaji, wa mwaka 2011, ulipunguza mishahara ya wachezaji wapya. Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, aliahidiwa dola milioni 50; Cam Newton, wa kwanza mwaka uliofuata, alisaini kwa milioni 22.

Gharama ikishalipwa, huzaa upendeleo. Barry Staw na Ha Hoang walichunguza ligi ya kikapu ya NBA mwaka 1995, wakaona kwamba aliyechaguliwa mapema alipewa dakika nyingi zaidi hata alipolingana kiwango na mwenzake aliyechaguliwa nyuma. Kwa hiyo hata rekodi za mechi zilizoanzwa zina harufu ya uamuzi wa awali, na ile asilimia 52 huenda inawapamba wachaguzi.

Kununua nafasi, kulea watu

Hitimisho langu ni kwamba dawa haiko kwenye saa kali zaidi. Asiyeweza kupanga foleni kwa uhakika na achague watu wengi badala ya kumfukuzia mmoja, kisha fedha na subira azipeleke kwenye mafunzo. Jordan Mailata wa Australia alikuwa mchezaji wa raga ambaye hakuwahi kucheza mechi ya futiboli. Eagles walimchukua wa 233 mwaka 2018, wakamfundisha kwa miaka kabla ya kumtegemea, na Februari 2025 alishinda Super Bowl nao. Daniel Adongo, mwanaraga wa Kenya, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia drafti, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Kurt Warner hakuchaguliwa na yeyote mwaka 1994, akapanga bidhaa usiku dukani. Mwaka 1999 alikuwa mchezaji bora wa ligi.

Hawa hawakugunduliwa na kipimo kipya. Walipewa muda wa kujifunza na mahali pa kukosea. Shule inayochuja kwa mtihani mmoja na ofisi inayoajiri kwa usaili wa dakika 20 zimo katika kundi lile lile la wachaguzi, tena bila video wala watakwimu. Namba anayopewa kijana siku ya kuchaguliwa ni makadirio ya watu wengine tu. Kocha mwaminifu huisahau asubuhi ya mazoezi ya kwanza, akampanga kila mmoja kwa anachokifanya uwanjani.